Fundi wa Viti Aliyeuliza Idadi ya Watoto

Ukimpelekea fundi wa viti vya magari gari lako hapa Juba, jambo la kwanza atakalokuuliza ni rangi. Unataka nyekundu? Unataka ya chui? Unataka yenye nyuzi za dhahabu pembeni? Fundi wetu wa mtaa wa Gumbo hakuwa hivyo. Yeye alilizunguka gari mara moja, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa mpaka mabega, na sauti ikatokea huko chini ya viti: "Watoto iko ngapi?"

Wageni walidhani ni mtu wa sensa. Mfanyabiashara mmoja alimjibu kwa majivuno kwamba anao kumi na wanne. Fundi akatoa kichwa, akakitazama kile kigari cha viti vitano, akasema, "Basi wewe hutaki fundi. Wewe unataka lori."

Nilimjua kwa miaka tisa. Banda lake lilikuwa kando ya barabara ya Nimule, iendayo mpaka wa Uganda, ukishavuka daraja kutoka mjini, na nyumba yangu ilikuwa nyuma yake. Alikuwa na mabati manne, meza moja, na cherehani iliyonguruma kiasi kwamba malori kutoka Uganda yalipunguza mwendo yakidhani kuna lori jingine linakuja. Mimi wakati huo nilikuwa mtunza stoo wa hoteli moja mtaa wa Hai Amarat, na jioni nilikuwa mwanafunzi wa sekondari katika darasa la watu wazima. Nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu, mkubwa kuliko mkuu wa shule, na nadhani nililizidi hata jengo kwa miaka miwili. Fundi aliponiona mara ya kwanza na madaftari kwapani aliniita Ustaz, yaani msomi, na hakuniita jina jingine tena. Siku nilipofaulu nilimpelekea matokeo. Aliyasoma kwa kuyaweka mbali na macho, kama anapima kitambaa, akasema, "Sasa ni ya kweli."

Alikuwa Mganda, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha barabarani, kisichojisumbua na upatanisho. Mimi niliyesomea Kenya utotoni, mtoto wa mkimbizi, nilijiona bingwa wa sarufi. Nilimsahihisha mwaka mzima kisha nikaacha, maana yeye alieleweka na watu wote na mimi nilikuwa nasahihisha hewa.

Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea. Katika hilo sitatia chumvi hata chembe. Kwingine kote nitatia, mnivumilie.

Tuanze na matundu, kwa sababu ndiyo yaliyomfanya ajulikane, na ndiyo yaliyomfukuzia wateja. Juba tunapenda gari ling'ae ndani. Likifika tu linavishwa: kitambaa kinavutwa toka mlango mmoja hadi wa pili, kinakazwa kama ngozi ya ngoma, na vifungio vya mikanda ya nyuma vinazikwa chini yake vikiwa hai. Fundi anayeacha kiti kikiwa laini kama meza ndiye anayesifiwa. Huyu wetu alichukua wembe, akapasua matundu, akavitoa vifungio nje, na kila tundu akalizungushia ukingo wa ngozi uliopendeza kuliko tundu la kitufe cha shati la harusi.

"Mzee, umeniharibia kiti," mteja alikuwa akisema. "Hivi vitu vimetokeza kama meno."

"Ni meno. Inashika mtoto."

"Lakini mikanda ya nyuma hakuna anayefunga."

"Sasa utafunga."

"Na nikikataa?"

"Kuna fundi kumi kwa hii barabara. Wote wanashona mzuri kuliko mimi. Kwenda."

Na wengi walikwenda kweli.

Halafu kulikuwa na vita vyake na mlango wa kushoto. Magari yetu mengi usukani uko kulia, kwa kuwa yanapitia Uganda, lakini hapa tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva amekaa upande wa mtaro, na mlango wa kushoto ndio unaofungukia katikati, kwenye bodaboda na malori. Fundi aliutazama mlango huo kama mtu anavyomtazama jirani aliyemwibia kuku. Kila gari lililoingia bandani mwake, hata kama limekuja kushonwa kiti cha dereva tu, alikibonyeza kile kidude kidogo cha pembeni mwa mlango wa nyuma wa kushoto ili usifunguke kwa ndani. Mwenye gari hakuambiwa.

Bwana mkubwa mmoja mwenye suti alikwama hivyo ndani ya gari lake mwenyewe. Dereva alikuwa ameegesha mlango wa kulia ukibana ukuta, akatoka kununua vocha, na bwana mkubwa akabaki anagonga kioo. Yeye husema zilikuwa dakika tatu. Mimi nilikuwepo, na ilikuwa Kwaresima nzima. Alipotolewa alikuja bandani akitokwa jasho.

"Wewe mzee ndiye uliyenifungia?"

"Watoto yako wanakaa upande gani?"

"Upande huohuo. Kwa nini?"

"Basi leo wote mko salama."

Yule bwana akacheka. Hakukirudisha kile kidude.

Kulikuwa pia na baba mmoja aliyesema mtoto wake hahitaji mkanda kwa kuwa anampakata, na akatuonyesha mikono, mikono kweli, kila mmoja ungeweza kuegemezea paa la nyumba. Fundi hakubishana. Aliagiza mfuko wa unga wa kilo kumi, akauweka mapajani mwa yule baba kiti cha mbele, akamwambia, "Shika mtoto." Kisha akaingia nyuma ya usukani, akaenda mwendo wa bibi harusi, na mbele ya banda akakanyaga breki. Gumbo nzima tulikula ugali kutoka kwenye ile dashibodi. Yule baba alikuwa bado anajifuta unga kwenye nyusi Fundi alipomwuliza, kwa upole kabisa, "Huyo ni kilo kumi. Yako ni kilo ngapi?"

Msidhani kwamba alipenda watoto. Hakuwapenda. Kelele zao zilimuumiza kichwa, na aliwagawia peremende ili waondoke. Wake mwenyewe walikuwa watu wazima huko kwao na hakuwazungumzia. Tena alikuwa mtu wa ajabu: yeye mwenyewe alipanda bodaboda bila kofia, amekumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga, akapita darajani upepo ukipeperusha koti. Siku moja nilimwambia, "Mzee, wewe unayetusumbua na mikanda, hivi unajiona?"

"Mimi nimekubali mwenyewe," alisema. "Mtoto, nani alimwuliza?"

Akiwa abiria kwenye gari la mtu, alikaa nyuma na kufunga mkanda hata kama safari ni ya kutoka kanisani hadi sokoni. Madereva walikasirika. Walimwuliza kama anauogopa uendeshaji wao. "Wewe sikuogopi," alijibu. "Naogopa ile inakuja."

Sasa nifike kwangu.

Binti yangu Poni alipotimiza miaka sita, Fundi alikuja nyumbani na futi ya kushonea shingoni. Alimkalisha Poni kwenye kiti cha nyuma cha gari langu, akafunga mkanda, akanionyesha ulivyopita shingoni badala ya begani. "Hii inachinja," alisema. Akampima kutoka makalio hadi bega, kutoka kiuno hadi goti, akapima na kiti, akaondoka bila kuaga. Baada ya siku mbili alirudi na sanduku la mbao ngumu lililojazwa sponji iliyobanwa na kuvishwa ngozi ya bluu. Lilikuwa na ndoano mbili za kuulaza mkanda chini, juu ya mapaja, na kamba ya kuuvuta ukae begani. Alilifunga nyuma ya kiti changu, upande wa mtaro. Poni akaketi. Kwa mara ya kwanza aliweza kuona nje dirishani, na alikataa kushuka mpaka usingizi ukamshusha.

Watu waliliona wakalitaka. Fundi aliwashonea jamaa saba: mama wa Kiganda muuza nguo sokoni, mpishi wa Kikenya, walimu wawili, na wengine wa pale Gumbo. Kila mtoto alipimwa peke yake. Ilikuwa kazi pekee aliyoifanya akiwa anaimba.

Mimi sanduku langu nilikaa nalo wiki tatu. Wenzangu hotelini walilichungulia wakauliza kama mtunza stoo ameanza kung'arisha viatu, maana kwa kweli lilifanana na sanduku la mng'arisha viatu. Walicheka siku moja tu. Mimi niliwasikia mwezi mzima. Nikalitoa, nikampa mama muuza chai wa nje ya geti letu alikalie, naye akasema hajawahi kupata kiti kama hicho tangu azaliwe. Fundi aliponiuliza, na aliniuliza kila wiki, nilimjibu, "Linafanya kazi, Mzee."

"Mkanda inapita kwa bega?"

"Inapita vizuri kabisa."

Poni nikamhamishia mbele, kushoto. Na sikumhamishia pale kwa bahati mbaya. Kila anayeendesha gari la usukani wa kulia hapa Juba anajua: ukiwa nyuma ya lori, wewe uliyekaa kwenye mtaro huoni mbele. Anayeona ni abiria wa kushoto. Kwa hiyo unamwuliza, "Fi?", kuna gari? Naye anachungulia anakujibu, "Mafi," hakuna, nawe unapita. Tunawatumia hivyo wake zetu, wageni wetu, na hata mapadri. Mimi nilimtumia mtoto wa miaka sita, na nilijisifu. Niliwaambia watu kwamba Poni ana macho ya tai, kwamba anaona magari yakiwa bado Nimule.

Asubuhi moja tulikuwa tunaelekea darajani. Mbele yetu kulikuwa na lori la maji, linatambaa, na mimi nilikuwa nimechelewa kazini. "Fi?" nikauliza. Poni alikuwa mfupi, akapiga magoti juu ya kiti ili aone. "Mafi," akasema. Nikatoka kushoto. Pikapu ilitokea ndani ya vumbi, imewasha taa. Nilirudi kulia kwa nguvu, nikakanyaga breki. Pikapu ilitupita bila kutugusa. Poni alikwenda na mdomo kwenye dashibodi.

Meno mawili, na kidevu kilishonwa nyuzi nane. Nilizihesabu.

Fundi alikuja zahanati mchana na machungwa manne. Poni alikuwa amelala chali, mdomo umejaa pamba, macho wazi. Mke wangu alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Fundi alimtazama mtoto, kisha akaniuliza mimi.

"Ilikuwa juu ya sanduku?"

Kuna nafasi ya kusema kweli ambayo ni ndogo sana, kama ya kuvuka barabara. Mimi niliiona kabisa. Mke wangu alinitazama. Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Juu ya sanduku."

"Na mkanda?"

"Alikuwa amefunga. Uliachia."

"Iliachia wapi? Kwa ndoano ama kwa kamba?"

"Sikuona, Mzee. Ilikuwa haraka."

"Nataka kuona hiyo sanduku."

"Lilivunjika. Nimelitupa."

Mke wangu akageukia ukuta. Fundi aliyaweka machungwa kitandani, moja moja, akatoka.

Kufikia Jumamosi alikuwa amepanda bodaboda kwenda kwa wale jamaa saba, kila mmoja na mlango wake, akiyadai masanduku yake. Mama wa Kiganda muuza nguo alikataa. Alisema mwanawe amelizoea, hataki kukaa pengine. Fundi alisimama mlangoni kwake mpaka akampa. Yote saba aliyapasua kwa shoka nyuma ya banda, na kwa wiki mbili mbao zile zilimpikia maharage. Nilikuwa naona moshi kutoka dirishani kwangu. Nilikula chakula changu. Nilikwenda darasani jioni nikaandika insha juu ya uaminifu, na nikapata alama nzuri.

Baada ya hapo nilimpelekea mteja, rafiki yangu kutoka mjini. Nilikuwa nimemwambia njiani, ngoja usikie atakavyokuuliza. Fundi alitoka na kitabu cha sampuli, hakuingiza kichwa ndani ya gari, akasema, "Unataka rangi gani?"

Miezi michache baadaye aliliuza banda. Watu walisema macho yake yamechoka na sindano. Alihamia Rejaf, akakodi kipande cha shamba karibu na mto, akalima vitunguu.

Ilipita miaka minne. Ningeweza kukaa hivyo mingine arobaini, nakwambieni, mtu anazoea. Ila mwezi uliopita, kwenye kituo cha mafuta, nilimkuta yule mama muuza nguo. Mtoto wake mdogo alikuwa amesimama katikati ya viti viwili vya mbele, ameshika egemeo kwa mkono mmoja na andazi kwa mwingine. Nilimwambia, kwa mzaha kama kawaida yangu, "Mama, huyu konda umemwajiri lini?"

"We acha tu, baba Poni," alisema. "Tulikuwa na kile kiti cha Fundi, unakumbuka? Yeye mwenyewe alikuja akasema ni hatari, kiliumiza mtoto wa mtu. Tangu hapo mimi siamini hizo vitu. Heri mkono yangu."

Alisema mtoto wa mtu. Hakujua ni wangu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Rejaf. Poni, ambaye sasa ana miaka kumi, alikuwa kiti cha nyuma, upande wa mtaro, na mkanda wake. Nilimwacha garini milango ikiwa wazi, nikashuka kwenye matuta. Fundi alikuwa anamwagilia kwa kopo lililotobolewa. Alikuwa amepungua, lakini nilipobisha hodi aliitambua sauti yangu kabla hajaniona.

"Ustaz. Leo umepotea njia?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kusema kitu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Njiani nilikuwa nimeweka ndani yake wenzangu wa hotelini na kicheko chao, umaskini, haraka ya kazi, lori, vumbi. Nilipofungua mdomo zilitoka sentensi tatu tu: Poni hakuwa juu ya sanduku. Hakuwa na mkanda. Sanduku nililitoa mwenyewe na halikuvunjika.

Fundi aliligeuza debe lake la maji, akaketi juu yake. Maji yaliendelea kutoka kwenye kopo mpaka yakaisha.

"Miaka nne," alisema, "mimi nashona ile mkanda kwa kichwa. Natoa uzi, narudisha. Nasema labda ndoano. Nasema labda kamba ilikuwa fupi. Mimi nimeshona tangu kijana, hakuna kazi yangu imeumiza mtu. Ile moja tu."

"Haikuumiza mtu, Mzee."

"Wale saba umewaambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Mimi nina mtoto kwa gari?"

"Huna."

"Basi umeanza vibaya."

Akanitajia wote saba, kwa mpangilio aliowashonea, na umri wa kila mtoto wakati ule, na kipimo cha mgongo wake. Mpaka leo ninapoandika nimewafikia watano. Mpishi wa Kikenya alinisikiliza mlangoni na hakunikaribisha ndani. Mama muuza nguo alilia kwa hasira, kisha akauliza Fundi anaishi wapi.

Lakini siku ile shambani Fundi alikuwa hajamaliza. Alinyoosha kidole kuelekea gari. "Na huyo? Yeye anajua?"

"Alikuwepo, Mzee. Anajua kila kitu."

"Sijauliza kama alikuwepo."

Aliinuka, akatangulia. Poni alipomwona alitaka kushuka amsalimie, Fundi akamwambia akae tu. Akasimama kando ya mlango. Mimi nikasimama upande wa pili wa mlango huohuo, na nikasema tena zile sentensi tatu, mbele ya mtoto.

Poni alitutazama kwa zamu. Kovu la kidevuni linakuwa jeupe akifikiri.

"Nilijua ulidanganya," aliniambia. "Nilisikia pale zahanati. Nilidhani unanificha mimi."

"Nikufiche kwa nini?"

"Si mimi ndiye nilisema mafi."

Fundi hakunisaidia. Alishika fremu ya mlango kwa mkono wake wenye udongo, akaningoja.

"Ulikuwa na miaka sita, mama," nilisema. "Kuangalia barabara haikuwa kazi yako. Nilikuwa najificha mimi."

Kovu likawa jeupe tena.

"Basi ulinikalisha mbele kwa nini?"

"Nilitaka kulipita lori la maji."